Jina Langu Lilivyosoma Bila Mimi

Jambo zima liligharimu vichanja sita vya dagaa, jogoo mmoja na shule yangu. Nimehesabu mara mbili, halafu nikahesabu tena nikianzia na shule, nione kama jumla itapungua. Haikupungua.

Nililikumbuka majuzi mvua iliponikuta hapa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, dagaa wangu bado wamelala kwenye vichanja. Dagaa aliyekauka nusu akinyeshewa hutoa harufu yake peke yake. Si uvundo, uvundo unakuja kesho yake. Ni harufu ya kitu kilichokuwa karibu kuwa mali kikaghairi. Wasichana ninaowalipa walikimbia na maturubai. Mimi, mtu mzima mwenye heshima zangu, nilibaki nimesimama maji yananitiririka, nikawa tena na miaka kumi, nimekalishwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, harufu hiyohiyo ikinijia.

Mliokulia Bangwe mnayajua haya, nivumilieni niwaeleze wengine. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mwezi unapowaka. Basi kila mwezi tuliugawa vipande viwili. Giza, siku ishirini hivi, mitumbwi inaingia kila alfajiri na kila mwenye mikono ana kazi. Mbalamwezi, siku tisa au kumi, mitumbwi inapandishwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kukumbushana madeni. Mama yangu alinunua dagaa kwa ndoo, akaanika, akawauza wakavu kwa wachuuzi wanaosafiri na treni. Baba alikuwa amekwenda Mpanda kutafuta maisha, na nadhani aliyapata, maana hakurudi. Msaidizi wa mama nilikuwa mimi: kutandaza, kugeuza, kufukuza kunguru, kuyatazama mawingu yanayotoka ng'ambo, upande wa Kongo.

Kwa hiyo shule nilikwenda kwenye mbalamwezi. Giza likiingia, daftari la mahudhurio lilijaa sifuri zangu. Nilipofika darasa la tatu, mwalimu wetu wa darasa, mama mmoja mwembamba aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwita mama.

"Mama, huyu ni mwanafunzi au ni mgeni?"

"Ni mwanafunzi, mwalimu. Tatizo dagaa."

"Basi walete hao dagaa niwafundishe. Akikosa tena kama mwezi uliopita, nalifuta jina."

Mwezi huohuo ndipo alipofika Bahati. Jina lake nalitaja kwa raha, kwa sababu halijawahi kuandikwa popote. Langu silitaji. Liko kazini.

Bahati ni mtoto wa mama yangu mdogo. Walivuka kutoka ng'ambo yeye na mama yake, na sufuria moja, na godoro lililolowa. Alikuwa kimo changu, mwembamba kama mimi, paji la uso letu lilelile. Ukitutazama kwa nyuma ungeweza kumchapa asiye na kosa. Aliniita yaya, kama wanavyoitwa dada wakubwa kwao, ingawa nilimzidi wiki tatu tu. Mama mdogo alimpeleka shuleni. Mwalimu mkuu akauliza cheti cha kuzaliwa. Hakipo. Kadi ya kliniki je? Ilibaki ng'ambo pamoja na nyumba. Akasema hana pa kumwandika, wakarudi. Baadaye mama mdogo akapanda boti kwenda kumtafuta mumewe, akasema wiki mbili. Kuna watu wanaohesabu wiki vibaya.

Mama alikaa jioni moja akichambua dagaa, anatutazama mmoja baada ya mwingine kama anayepanga mafungu.

"Nina mtoto mwenye jina, hana muda," alisema. "Na mtoto mwenye muda, hana jina. Mungu naye!"

Kwetu wazo lile halikuwa geni. Mvuvi akiugua, mwenzake humshikia kiti mtumbwini. Siku ya mgao linaitwa jina la mgonjwa, na mgao unakatwa katikati: nusu ya aliyelala, nusu ya aliyelowa. Nilikuwa nimeliona hilo tangu natambaa. Basi nikakubali haraka, kama mtu aliyepata kitu kwa bei ya kutupa. Giza, Bahati aende akaitike jina langu. Mbalamwezi, niende mwenyewe. Na kila jioni aniletee nusu ya alichopata huko. Niliamini kabisa kwamba elimu huingia kwenye jina. Jina likishaitikiwa, limesoma. Siku nikilirudia nitaikuta imo ndani, imekauka, tayari kwa kubeba.

Sare ilikuwa moja, shati jeupe na sketi ya bluu. Kwenye giza ilirudi inanuka chaki. Kwenye mbalamwezi ilirudi inanuka mimi.

Jioni Bahati akifika tu, hajavua hata shati, nilimkabili pale kwenye vichanja kama ninavyowakabili wavuvi.

"Leo mmepata nini?"

"Jedwali la sita."

"Lete nusu yangu."

"Yaya, jedwali halikatwi kama samaki mgebuka."

"Kila kitu kinakatwa. Kata."

Akachukua kijiti, akachora mchangani sita mara moja mpaka sita mara sita. Hapo akasimama, kwa sababu jedwali linaishia kumi na mbili na sisi tulikuwa watu wa haki. Nusu ya pili alibaki nayo. Vivyo hivyo jedwali la saba, la nane, la tisa. Vivyo hivyo mito ya Tanzania: alinipa ya upande mmoja wa ramani. Nilizihesabu nusu zangu kila usiku kabla ya kulala, mara mbili, nikaridhika kwamba sijapunjwa. Hakuna mtu hodari wa kujipunja kama anayehakikisha hapunjwi.

Mtauliza mwalimu hakuona? Darasani tulijaa zaidi ya mia, dawati la watatu linabeba watano, waliobaki wamekaa kwenye matofali. Alitujua kwa vichogo. Na watoto wenzetu walikuwa watoto wa mwaloni. Kila mmoja alikuwa na lake la kufichiwa. Kilichomsumbua mwalimu ni akili yangu. Bahati akijibu kwa wiki tatu mfululizo, anasifiwa, halafu mwezi unajaa naingia mimi, naulizwa swali la jana, nakodoa macho.

"Si ulijibu hili juzi?"

"Nimesahau, mwalimu."

Nilichapwa kwa kusahau vitu ambavyo sikuwahi kuvijua. Siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake pale dirishani, kwa masikitiko ya kweli, "Mtoto huyu akili yake inakwenda na mwezi. Mwezi ukijaa, yeye anamwagika."

Wivu ulianzia kwenye daftari. Lilikuwa moja pia. Herufi za Bahati zililala upande kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Zangu zilisimama wima, kila moja peke yake, kama zimegombana. Kwenye kurasa zake kulikuwa na alama za vyema za kalamu nyekundu, zimepangana mpaka chini. Nilizisugua kwa kidole nione kama zitatoka. Zilikuwa chini ya jina langu. Jina langu lilikuwa linasifiwa, mimi nikiwa nje.

Kisha nikaanza kuhesabu vingine. Siku zake za darasa kwa mwezi, ukitoa Jumamosi na Jumapili, kumi na tano, zangu saba. Mikono yake laini, yangu imechanika. Alimwita mama yangu mama, na mama aliitika bila kukosea. Nikafika mahali ambapo leo naona aibu kupaandika: nilimwonea wivu hata kwa kupotelewa na mama yake. Kwa sababu ya hilo, mama akigawa ugali alimwongezea yeye.

Tuliingia darasa la nne hivyohivyo, watoto wawili kwenye jina moja. Mwaka ukakaribia kwisha, ikatangazwa tarehe ya mtihani. Mimi nilikwenda nje kutazama mwezi. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia kwa vijiti. Mtihani ulikuwa unaangukia siku ya pili ya mbalamwezi. Ilikuwa zamu yangu. Nilirudi ndani nikitamba.

"Mtihani ni wangu. Umeangukia kwangu."

Mama hakuinua kichwa. "Mtihani atafanya Bahati."

"Makubaliano ni mbalamwezi mimi!"

"Ukifeli, jina linarudishwa nyuma. Likirudishwa nyuma, mmefeli wote wawili. Bahati akifanya, mmefaulu wote wawili. Nani alikuambia wewe ndiye peke yako unayejua hesabu hapa?"

Bahati alikuwa pale pembeni, anaosha ile sare. Aliikamua taratibu mno, kama kitu cha kwake.

Sikulala. Kesho yake giza lilikuwa bado halijaisha, Jumatatu, na mwalimu alikuwa amesema siku hiyo ataita majina ya watahiniwa mmoja mmoja, kila mtu asimame aonekane. Mama alikuwa amekwenda Kigoma mjini kumfuata mchuuzi wake. Vichanja sita vilikuwa vimejaa, dagaa wa siku mbili, na juu ya ng'ambo kulikuwa na wingu dogo tu. Nililitazama, tukatazamana. Nikavaa gauni langu la kazini, nikaondoka.

Nilipofika, darasa lilikuwa kimya. Nikajibana mlangoni nyuma ya watoto waliokaa kwenye matofali. Mwalimu alisoma majina kwa zamu, akafika langu.

"Nipo!" alisema Bahati, amesimama kwenye dawati la mbele.

"Nipo!" nilisema mimi.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Haya. Nani kati yenu ndiye?"

"Mimi," tulisema.

Akaligeukia darasa. "Ninyi mnamjua. Ni yupi?"

Na darasa zima, zaidi ya mia, likiwa na furaha ya watu wasiohusika, likajibu kwa sauti moja: "Ni wote, mwalimu!"

Ndipo nikakalishwa kwenye lile benchi, Bahati huku, mimi huku, katikati yetu pakiwa na nafasi ya kukaa mtu. Mvua ilianza hapohapo. Ilianza kwa matone makubwa kwenye bati, nami nikahesabu vichanja kichwani, kimoja mpaka sita, sita mpaka kimoja, nikijua kwamba hakuna mtu huko. Mama alipoingia getini khanga yake ilikuwa imemgandama. Alikuwa amepitia nyumbani kwanza, akakuta dagaa wamelowa na ujumbe wa mwalimu mkuu. Mkono mmoja alishika jogoo, na mwili mzima ulitoa harufu ile.

Mwalimu mkuu alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akamfunga kwenye mguu wa meza. Alikuwa mzee wa kitambi na sauti ya upole.

"Mama, yupi mtoto wako?"

"Wote wangu, mwalimu."

"Daftari langu lina mmoja. Shule yangu haina nusu mwanafunzi. Mmoja anabaki afanye mtihani, mmoja unarudi naye sasa hivi. Chagua."

Mama hakuchagua. Alitazama jogoo. Nilijua atasema jina ni langu; nilisubiri aseme. Basi mwalimu mkuu, kwa kuona huruma nadhani, akamsaidia.

"Tuwaulize wenyewe. Atakayejibu ndiye anayesoma. Saba mara tisa."

Saba mara sita ni arobaini na mbili. Nilikuwa nayo pale mdomoni, ya kwangu, niliyoipokea mchangani na kuihakiki. Baada ya hapo njia ilikuwa imekatwa, kwa amri yangu mwenyewe. Nikaanza kuongeza saba kwa vidole nyuma ya mgongo. Arobaini na tisa. Nilimtazama Bahati, naye alikuwa ananitazama mimi, midomo imefungwa. Alijua. Niliona kwamba anajua na kwamba ananisubiri. Hamsini na sita. Mwalimu mkuu akainua mkono kuangalia saa. Ilibaki saba moja tu.

"Sitini na tatu," alisema Bahati.

Njia ya kurudi mama hakunipiga. Hilo liliniumiza zaidi, kwa sababu fimbo ingekuwa na mwisho. Tulipofika tuliwakusanya wale dagaa kwa majembe, tukawamwaga kwenye shimo la migomba. Alipomaliza alisema, "Wewe una mikono. Yeye ana nini?" Nilikuwa na majibu kadhaa. Nikachukua jembe, nikafukia shimo.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Nilikwenda kuyaona jioni, shule imefungwa. Jina langu lilikuwa la nne kutoka juu, nami nililisoma bila msaada. Hilo lilikuwa katika nusu yangu. Nililisoma mara mbili. Miaka mitatu baadaye lilifaulu darasa la saba, likapangiwa shule ya bweni, na nikalisindikiza stesheni nimelibebea sanduku la bati kichwani. Bahati alilia dirishani mpaka treni ikakata kona. Mimi nilikuwa naangalia sanduku. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi zilizolala.

Sasa niwaambie lililonifanya niyaandike haya. Nilipokwenda kumwandikisha binti yangu darasa la kwanza, mbele yangu kwenye foleni ya ofisi ya mtaa alikuwepo mwanamke wa ng'ambo na mtoto wa kiume, hawana cheti, hawana kadi, hawana chochote. Mtendaji, kijana tu, akamuuliza mtoto ana miaka mingapi na wanakaa nyumba ya nani. Akaandika barua, nusu ukurasa, akagonga muhuri.

"Peleka shuleni. Cheti mtafuatilia taratibu."

"Bei gani, baba?" aliuliza yule mwanamke, anafungua pindo la khanga.

"Bure, mama."

Nilimuuliza utaratibu huo umeanza lini. Akacheka. "Mbona wa siku nyingi, dada? Mtoto hazuiwi kwa karatasi." Nikamuuliza tena, kwa maneno mengine, kama ninavyouliza bei ambayo siiamini. Jibu lilikuwa lilelile. Nikatoka nje nikakaa ukutani. Madawati yalikuwa machache, ndiyo, ila matofali yalikuwapo tele. Mimi na Bahati tulikuwa na nafasi mbili siku zote. Tuligawana moja kama watu wenye njaa, kwa sababu hakuna aliyemwambia mama avuke barabara akaombe nusu ukurasa.

Bahati sasa ni muuguzi, huko kusini mwa ziwa, kwa jina langu. Anazalisha wanawake, ana watoto watatu, anasifiwa. Akinipigia simu bado ananiita yaya, na kila mwezi ananitumia kitu kidogo ambacho sijawahi kukikataa wala kukishukuru sawasawa. Watu husema wivu huisha ukikua. Wangu umekua pamoja nami, umenenepa, unakaa mezani na kula. Nikisikia mtu anasema "nesi" nageuka kana kwamba nimeitwa.

Na mimi nimeamua kusoma. Kuna darasa la watu wazima jioni hapa mjini, Katubuka, baada ya kazi, giza na mbalamwezi. Mwalimu ni binti mdogo mwenye adabu. Alifungua daftari lake, akasema, "Shikamoo mama. Nikuandike nani?" Nikamwomba muda. Nikiandika jina langu, mtu aliyeishia darasa la nne, siku moja mtu mwenye macho atalikuta lile jina mahali pawili na atauliza, na anayepoteza kazi si mimi. Nikiandika Bahati, jina ambalo bado liko tupu, nitakuwa nimekaa darasani muhula mzima kwa mara ya kwanza maishani, na sifa zitakwenda kwake tena. Jambo la tatu ni kukaa kimya na kuendelea kuanika, ambalo nimelifanya vya kutosha.

Binti amenipa mpaka Jumatatu. Nimepima huku na huku, kila upande mara mbili, mizani haitulii. Ninyi wenzangu wa rika langu, mliokaa darasani kwa majina yenu wenyewe kila siku ya Mungu, niambieni: aandike lipi?